Kura Chini ya Msalaba

Fungu: Yohana 19:23–24



Mhariri wa jarida letu aliponiomba niandike neno la Kwaresima, nilimjibu kwamba neno ninalo, lakini nusu yake ni maungamo. Akaniambia, "Mwalimu, andika tu." Basi naandika, nami nawaomba mnisome kwa uvumilivu, maana nitawapeleka mbali, hata Marekani, kwenye mpira wa kikapu wa vyuo vikuu, kabla ya kuwarudisha chini ya msalaba.

Yohana anatusimulia kwamba askari walipokwisha kumsulibisha Bwana, waliyagawa mavazi yake mafungu manne, kila mmoja fungu lake. Ikabaki kanzu. Kanzu ile haikuwa na mshono. Ilikuwa imefumwa nzima tangu juu. Wakaona ni hasara kuichana, wakaipigia kura. Injili zote nne zinalitaja jambo hili. Nimelisoma tangu utoto wangu, na kwa miaka mingi nililipita haraka, kama mtu apitavyo kijiji kidogo akienda mjini. Nililielewa siku ya Jumamosi Kuu ya mwaka 2024, nikiwa nimeshika ufagio mlangoni pa kanisa letu, simu ikiwa sikioni.

Mpwa wangu

Mwaka 2021 mtaa huu ulimsafirisha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kwenda kusoma Marekani. Chuo kilimpa nafasi na msaada wa karo, lakini nauli na karo iliyobaki ilitushinda. Mnakumbuka Jumapili ile ya mnada baada ya ibada: mayai, mahindi, mikungu ya ndizi, na yule jogoo mweupe aliyeuzwa mara tatu kwa sababu kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Zikapatikana shilingi 3,450,000. Dada yangu akaongeza fedha za mbuzi wake wawili. Kijana mwenyewe ameniruhusu niandike habari hii. Mama yake aliomba tu jina lisichapwe, nami nimetii.

Wengi wetu tuliujua mpira wa kikapu wa vyuo kwa sababu ya kijana wetu Hasheem Thabeet, aliyetoka Dar es Salaam akachezea University of Connecticut. Mwaka 2009 timu yake ilifika katika timu nne za mwisho za mashindano ya nchi nzima, na mwaka huo huo yeye akawa wa pili kuchaguliwa kati ya vijana wote waliochukuliwa na timu za kulipwa za NBA. Mpwa wangu si mchezaji. Kimo chake ni kama changu, nami hufikia rafu ya juu kwa kupanda kiti. Lakini aliupenda mchezo huo, na huko bwenini akakuta wenzake wakiupenda kwa namna nyingine.

Usiku mmoja akanipigia. "Shikamoo, mjomba. Nina swali la hesabu."

Ndugu zangu, nimefundisha hisabati miaka 34, na miaka ya mwisho nilikuwa katika chuo cha ualimu. Mtu akiniambia ana swali la hesabu, ni kama kumwambia mvuvi kwamba samaki wamejaa. Nikamwambia, "Marahaba. Lete."

Mchezo ulivyozaliwa

Yafaa kwanza tuuheshimu mchezo wenyewe, maana haukuzaliwa katika uovu. Aliyeubuni alikuwa mwalimu wa chuo, James Naismith. Mwezi wa Desemba 1891, huko Springfield, Massachusetts, katika shule ya kuwaandaa watumishi wa Chama cha Vijana wa Kikristo, aliagizwa atafute mchezo wa ndani kwa ajili ya vijana waliochoshwa na mazoezi wakati wa baridi. Akapigilia vikapu viwili vya matunda kwenye roshani ya ukumbi, akaandika sheria 13. Naismith alikuwa amesoma theolojia. Alitaka vijana wacheze kwa nguvu bila kuumizana. Baadaye alifundisha katika chuo kikuu cha Kansas, na timu zake huko zilishinda michezo 55 na kushindwa 60. Mwenye kuubuni mchezo alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda, wala hakuona aibu. Kwake mchezo ulikuwa malezi.

Leo timu 68 za wanaume huingia katika mashindano makubwa ya vyuo kila mwezi wa Machi, na anayeshindwa mara moja anarudi nyumbani. Mashindano hayo huangukia Kwaresima karibu kila mwaka. Wakati sisi tunafunga, huko vijana wa miaka 19 na 20 wanacheza mbele ya mamilioni ya watu, na wengi katika hao wanaotazama wameweka fedha. Tangu 1992 sheria ya nchi nzima iliyazuia majimbo mengi yasiruhusu kamari ya michezo. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitangua sheria hiyo, na jimbo baada ya jimbo likafungua mlango. Lililokuwa la kificho likaingia mfukoni, ndani ya simu.

Hesabu zenyewe

Swali la mpwa wangu lilikuwa zuri, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Timu mbili hazilingani kwa kasi, akasema. Moja hukimbia, nyingine hutembea. Utajuaje pointi zitakazofungwa? Nikamwelekeza: usianze na pointi, anza na zamu, yaani mara ngapi timu hushika mpira na kushambulia. Kisha uliza, katika zamu 100 timu hii hufunga pointi ngapi, na ile huruhusu ngapi? Tuseme umepima mashambulizi ya hii na ulinzi wa ile, ukatarajia timu ya kwanza ipate pointi 105 kwa zamu 100 na ya pili ipate 100, na kwamba mchezo utakuwa wa zamu 68. Zidisha. Ya kwanza itapata 71.4, ya pili 68. Tofauti ni 3.4. Jumla ni 139.4. Baada ya hapo utazame nani anacheza nyumbani, nani amechoka kwa safari, nani ameumia. Ken Pomeroy, mtu aliyezieneza sana hesabu za namna hii katika mpira wa vyuo, alikuwa mtaalamu wa hali ya hewa, na kweli kazi hii yafanana na kutabiri mvua.

Nilifurahi mno. Nilinunua daftari jipya. Mara mbili kwa wiki tulizungumza hesabu, mjomba na mpwa, na dada yangu akawaambia majirani kwamba mwanawe hamsahau mwalimu wake.

Nilijua zilikuwa za nini. Sitawadanganya. Alinieleza mapema kwamba mwenye kamari hakuulizi nani atashinda, maana hilo mara nyingi linajulikana. Anaweka tofauti: je, timu kubwa itashinda kwa zaidi ya pointi 3 na nusu? Anaweka jumla: je, pointi zote pamoja zitapita 139 na nusu, au hazitafika? Nusu ile imewekwa makusudi ili pasiwe na sare, kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kufunga nusu pointi. Sifa ya kuubuni mpango huu wa tofauti hupewa kwa kawaida Charles McNeil, aliyepiga kamari Chicago katika miaka ya 1940. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa hisabati. Niliposikia hivyo nilicheka. Sasa sicheki.

Tazameni mpango huo unavyofanya kazi. Unaweka dola 110 ili upate faida ya dola 100. Watu wawili wakibishana, mmoja kwa juu na mmoja kwa chini, wote wameweka 220. Anayeshinda anachukua 210, na 10 zinabaki kwa mwenye nyumba, ambaye hakubisha na mtu. Katika michezo 21 lazima upatie 11 na kukosa 10 ndipo utoke mikono mitupu, bila faida wala hasara. Ukipatia nusu kwa nusu katika michezo 100, umepoteza dola 500. Tena ile 139.4 tuliyokesha kuitafuta, mwenye kamari alikuwa ameandika 139 na nusu tangu asubuhi. Yeye ana wahesabuji wake wanaolipwa mshahara. Na akimwona mtu anashinda mara kwa mara, humpunguzia kiwango anachoruhusiwa kuweka.

Haya yote niliyahesabu mwenyewe katika daftari langu, ukurasa wa tatu. Nilijua, na bado niliendelea. Kijana aliposhinda mwanzoni alinitumia fedha kidogo, nami nikanunua miwani. Ndiyo miwani niliyosomea somo kanisani Jumapili kadhaa, mbele yenu.

Punguza tu

Katika miezi ile nilisoma pia habari za zamani za mchezo huo, nazo zingetosha kunionya kama ningekuwa na masikio. Mwaka 1950 chuo cha City College cha New York, chuo cha bure ambako watoto wa wafanyakazi maskini walisoma, kilishinda mashindano yote mawili makubwa ya nchi. Hakuna chuo kingine kilichopata kufanya hivyo katika mwaka mmoja. Mji mzima ulishangilia. Mwaka 1951 wachezaji wa timu hiyo wakakamatwa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba wachezaji 32 wa vyuo 7 walihusika katika kuharibu michezo 86 kati ya 1947 na 1950.

Nawaomba muone walivyoombwa. Mara nyingi hawakuambiwa washindwe. Waliambiwa washinde, ila washinde kwa pointi chache kuliko ile tofauti iliyowekwa. Punguza tu. Nani ataumia? Chuo kimeshinda, wazazi wamefurahi, na wewe umepata fedha ya kumnunulia mama yako kitu. Ni nusu pointi tu. Ndugu zangu, shetani ni mwalimu mzuri wa hesabu. Haombi kitu kizima siku ya kwanza. Aliwajia tena wachezaji wa chuo cha Boston College katika msimu wa 1978–79, na mmoja wao akahukumiwa kifungo cha miaka 10, ingawa baadaye kilipunguzwa. Aliwajia wa Arizona State mwaka 1994: mchezaji hodari alikuwa na deni la dola 10,000 kwa mwanafunzi mwenzake aliyeendesha kamari, akakubali kuharibu michezo ili deni lifutwe. Akapata kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Mdai na mdaiwa wote walikuwa vijana wa chuo kimoja, waliokula chumba kimoja.

Na wale wasiokubali hongo hawaachwi kwa amani. Mwaka 2024 rais wa chama cha michezo ya vyuo vya Marekani aliyaomba majimbo yazuie kamari juu ya mchezaji mmoja mmoja, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakisumbuliwa na watu waliopoteza fedha. Kijana amekosa mtupo mmoja, na akirudi bwenini anakuta matusi ya watu wasiomjua.

Ijumaa Kuu

Alhamisi tarehe 21 Machi 2024, siku tatu kabla ya Jumapili ya Matawi, mpwa wangu aliweka fedha nyingi kwa Kentucky, chuo chenye jina kubwa, dhidi ya Oakland, chuo ambacho wengi hawakukifahamu. Hesabu zote zilikuwa upande wa Kentucky. Mchezaji mmoja wa Oakland, Jack Gohlke, akatupa kutoka mbali na kufunga mara 10, kila mara pointi 3. Oakland wakashinda 80 kwa 76. Katika daftari langu hapakuwa na mstari wa jambo kama hilo.

Ndipo akafanya wafanyavyo wote. Hakusema, "Nimepoteza." Alisema, "Nitazirudisha." Fedha za karo ya muhula, dola 4,200, zilikuwa katika akaunti yake zikingoja tarehe ya kulipwa. Ndani yake mlikuwa na mbuzi wa dada yangu. Akazila kidogo kidogo juma zima la Mateso, mchana akisoma na usiku akibashiri. Kwangu hakupiga simu hata mara moja.

Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi, Houston walicheza na Duke mjini Dallas. Houston walikuwa timu bora ya kanda yao, na mpwa wangu akaweka kwao yote yaliyosalia. Katika nusu ya kwanza mchezaji wao mkuu, Jamal Shead, akaumia kifundo cha mguu, akatoka, asirudi tena. Duke wakashinda 54 kwa 51.

Huku kwetu ilikuwa Jumamosi Kuu asubuhi. Nilikuwa nikifagia kanisa pamoja na akina mama wa zamu, tukijiandaa kwa Pasaka. Simu ikalia. Hakusema shikamoo. Nikajua pana msiba.

Alinieleza yote, na hesabu ya fedha ilipokwisha nilidhani amemaliza. Kumbe lilibaki neno. Akasema, "Mjomba, lililonitisha si karo. Yule kijana alipoanguka akiwa ameshika mguu wake, watu wote uwanjani walinyamaza. Mimi sikumwonea huruma. Nilishika simu nikahesabu. Nilimkasirikia. Nilimwambia, inuka! Halafu nikakumbuka leo ni siku gani."

Ndugu zangu, nilikaa chini kwenye ngazi ya kanisa. Mbele yangu, ndani, msalaba ulikuwa bado umefunikwa. Nami nikawaona wale askari wanne.

Waliona nini? Juu yao alikuwako mtu anayekufa. Walikuwa karibu naye kuliko wanafunzi wake walio wengi; damu yake ingaliweza kuwadondokea. Mathayo anasema waliketi pale wakimlinda. Hawakuwa na chuki kubwa naye kama makuhani wakuu. Walikuwa na kanzu mbele yao, na macho yao yalikuwa kwenye kura. Hapo ndipo kamari inapompeleka mtu. Haimfanyi kwanza mwizi wala mwuaji. Humpa kitu cha kutazama, akashindwa kumwona mtu aliye mbele yake.

Mpwa wangu aliona jambo hilo kwa usiku mmoja. Mimi, mzee, nilihitaji kuambiwa. Kwa miezi mingi niliwaandika vijana wa watu katika daftari langu kwa tarakimu: huyu 14 kwa mchezo, huyu ana goti bovu, punguza 2. Goti bovu la mtoto wa mtu lilikuwa kwangu habari njema au mbaya kadiri ya fedha za mpwa wangu zilikowekwa. Sikuwaombea hata mara moja.

Maswali mnayoniuliza

Tangu habari hii ijulikane, baadhi yenu mmeniuliza maswali, nayo ni ya haki.

Wa kwanza anasema: je, Biblia haina kura? Inazo. Mitume walipiga kura ikamwangukia Mathiya, Matendo 1:26. Mithali 16:33 inafundisha kwamba hata kura ikitupwa, uamuzi ni wa Bwana. Lakini mitume waliomba kwanza, na hapana aliyepoteza kitu ili Mathiya apate. Walitafuta mtumishi wa kazi. Askari walitafuta mali ya mtu aliyekuwa hajafa bado.

Wa pili anasema: mwalimu, na ule mfano wa talanta? Bwana aliwasifu waliozalisha. Kweli, lakini walifanya biashara. Ninapouza mahindi, mimi nina fedha na mwenzangu ana chakula; sote tumekwenda nyumbani na kitu. Katika kamari siwezi kwenda nyumbani na kitu isipokuwa mwenzangu ameondoka bila. Lazima nitamani hasara yake. Amri ya kumi inanikataza kutamani kilicho cha jirani yangu, nami hapo nimekilipia kiingilio.

Wa tatu anasema: hii ni akili, si bahati, kijana amesoma. Naam, ni akili, na ndiyo maana inaumiza. Akili ile ile ya wastani na uwezekano ndiyo inayompimia mgonjwa dawa na mkulima mvua. Mungu alimpa mpwa wangu kichwa kizuri, nami nilipewa kazi ya kukinoa. Nilikinoa, kisha nikakipeleka kukata kisichokatika.

Wa nne alinyamaza, akaniambia tu kwamba hata sisi mtaani tuliwahi kuuza tiketi za bahati nasibu kwa ajili ya paa la kanisa. Ni kweli. Nilinunua mbili. Halmashauri ya mtaa na ilitazame hilo kwa utulivu. Sitaki kuhukumu paa linalonikinga mvua, lakini sitaki pia kuwakemea vijana huku nimeficha tiketi yangu.

Kanzu ni ile ile

Msidhani ni ugonjwa wa Marekani. Hapa kwetu kijana hahitaji kwenda mbali. Anatandika mkeka wake katika simu, akiwa amekaa chini ya mwembe, juu ya ligi za Ulaya, na usiku wa manane hata juu ya hao hao vijana wa kikapu. Nimesikia kwaya yetu ikicheka, "Mkeka wangu umechanika." Zamani mkeka ulikuwa kitu cha kulalia mgeni na cha kuketia msibani. Sasa umechanika, na aliyelala chini ni mama mwenye nyumba, ambaye fedha ya unga imekwenda.

Basi nasema haya kwa wazazi. Mtoto akikuambia ameshinda, usifurahi haraka, uliza. Mimi nilifurahi, nikavaa miwani. Mtoto akikuambia ameshindwa, usimfukuze. Aliyekuambia bado ana njia ya kurudi. Wala usilipe deni kwa siri akabaki na fedha mkononi. Kaeni pamoja, hesabuni wazi, na fedha zishikwe na mwingine kwa muda.

Kwa vijana nasema neno moja. Siku utakapoona unaomba Mungu mtu fulani akose, au aanguke, au timu ya wenzako iache kufunga, simama hapo hapo. Hata kama umeshinda fedha. Umekwisha kukaa chini pamoja na wale wanne.

Mkitaka kujua mwisho, kijana alikwenda kwa ofisi ya chuo akasema ukweli wote. Walimpangia alipe kwa mafungu. Anaosha vyombo katika jiko la wanafunzi. Mwezi wa kwanza aliomba shilingi za mtaa zihesabiwe nazo, naye amekwisha kurudisha zaidi ya nusu ya zile 3,450,000; mweka hazina anazo stakabadhi. Nami nimerudisha thamani ya miwani, na daftari nimelichoma jikoni. Dada yangu alilia siku mbili, siku ya tatu akaniambia nimwambie mwanawe kwamba mbuzi huzaa.

Nilimwandikia pia habari ya chuo cha Virginia. Mwaka 2018 kilikuwa cha kwanza kati ya vyote, kikafungwa 74 kwa 54 na chuo kidogo cha UMBC, aibu ambayo haikuwa imempata wa kwanza yeyote wa wanaume katika michezo 135 ya namna hiyo. Mwaka 2019 Virginia walichukua ubingwa. Nikamwambia, mwanangu, hii nakutumia bila hesabu yoyote, kwa ajili ya kukutia moyo tu. Akanijibu, "Asante mjomba. Safari hii nimeutazama mpira." Nilimwelewa.

Ijumaa Kuu ijayo tutakapokaa kimya mbele ya msalaba, na tuinue macho. Yule ambaye kanzu yake ilipigiwa kura hakuwatazama askari kama tarakimu. Luka anasema aliwaombea msamaha, na papo hapo Luka anataja mavazi yakigawanywa na kura ikipigwa. Aliwaombea wakiwa bado wanacheza.

Tuombe

Ee Bwana Yesu, uliyevuliwa kanzu ili sisi tuvikwe: utusamehe tulipotazama faida tusimwone mtu. Uwalinde vijana wanaocheza na vijana wanaowabashiria. Uwarudishe nyumbani waliopoteza, na utufundishe kuzihesabu siku zetu zaidi ya fedha zetu. Amina.

Mwalimu mstaafu wa mtaa